Miguu Inayoyumba: Kila Mgonjwa na Mazoezi Yake

Mtu akipita asubuhi na mapema katika kartye Majengo, mjini Goma, anaona namna watu wanavyotembea pale. Njia nyingi za ndani hazina lami. Chini ni mwamba mweusi uliotoka katika volkano ya Nyiragongo, wenye meno na mashimo. Kijana anasukuma chukudu yenye viroba vya makala, mama anabeba bidoni ya litri 20, watoto wanaruka kutoka jiwe mpaka jiwe. Hakuna anayefikiri juu ya miguu yake. Miguu inajua kazi yake.

Lakini katikati ya watu hao yuko mmoja anayeyumba. Anatanua miguu, anashika ukuta wa mbao, anageuka polepole sawa na mtu aliyesimama ndani ya mtumbwi. Na watu wanasema nini? «Angalia huyu, ni saa moja ya asubuhi, naye amekwisha kulewa!» Wengine wanasema kwamba amerogwa. Pengine mtu huyo hajaonja pombe mwaka mzima. Ni mgonjwa tu. Maneno hayo yanamwumiza kupita kuanguka kwenyewe, maana yanamfungia nyumbani. Na mtu asiyetembea, miguu yake inazidi kulegea.

Tunataka kueleza hapa sababu gani mtu anayumba, na namna gani mazoezi yanaweza kumsaidia. Tutasema hasa juu ya ugonjwa mmoja unaoitwa sklerozi, kwa sababu unaonyesha wazi jambo ambalo watu wengi hawalijui: wagonjwa wawili wanaoyumba sawasawa wanaweza kuhitaji mazoezi yasiyofanana hata kidogo.

1. Mwili unasimama namna gani?

Kusimama kunaonekana kuwa jambo rahisi. Kwa kweli ni kazi kubwa inayofanyika ndani ya mwili bila sisi kuijua. Tuseme hivi: mwili una mashahidi watatu na mwamuzi mmoja.

Shahidi wa kwanza ni macho. Yanaona mlango, nguzo na ukuta, yanasema: «Umesimama wima» au «Umeinama.»

Shahidi wa pili ni sikio la ndani. Nyuma ya ngoma ya kila sikio, ndani ya mfupa, iko mifereji midogo mitatu yenye maji, pamoja na chembe ndogo sana zinazofanana na mchanga. Kichwa kikigeuka, maji yanasogea. Kichwa kikiinama, chembe zinavuta. Kwa namna hiyo ubongo unajua kichwa kinakwenda upande gani, hata gizani.

Shahidi wa tatu ni nyayo, viungo na nyama za miguu. Ukifumba macho unajua bado kwamba goti lako limekunjwa, na kwamba kisigino kimekanyaga jiwe.

Habari za mashahidi hawa zinafika katika ubongo. Nyuma ya kichwa, chini, iko sehemu inayoitwa ubongo mdogo. Yeye ndiye mwamuzi. Anasikiliza mashahidi wote, anasahihisha kila mwendo, na amri zinashuka kwa mishipa ya fahamu mpaka miguuni. Shahidi mmoja akinyamaza, wawili wengine wanaweza kumsaidia mtu asianguke. Mashahidi wawili wakinyamaza, au mwamuzi akichanganyikiwa, mtu anayumba.

2. Ugonjwa wa sklerozi

Katika mwaka wa 1868, mganga Jean-Martin Charcot wa hospitali ya Salpêtrière, mjini Paris, alieleza vizuri ugonjwa huu na kuupa jina. Baada ya kifo cha wagonjwa wake aliangalia ubongo na uti wa mgongo wao, akakuta humo makovu magumu yaliyotawanyika. Ndiyo maana ya neno sklerozi: ugumu.

Makovu hayo yanatoka wapi? Mishipa ya fahamu inafanana na nyaya za umeme. Waya una plastiki inayoufunika. Mshipa nao una ganda la mafuta linaloitwa mielini. Ganda hilo linasaidia habari zipite mbio. Katika ugonjwa huu, askari wa mwili, wale wanaopashwa kupigana na vijidudu vya magonjwa, wanakosea adui: wanashambulia ganda la mishipa yao wenyewe. Fasi waliposhambulia, habari zinapita polepole au hazipiti kabisa. Ugonjwa huu hauambukizwi kutoka mtu mpaka mtu, na hakuna mtu anayeweza kumtupia mwingine.

Mara nyingi unaanza mtu akiwa na miaka kati ya 20 na 50, na unashika wanawake karibu mara mbili au zaidi kupita wanaume. Hesabu iliyotolewa mwaka wa 2020 ilionyesha wagonjwa karibu milioni 2.8 duniani. Wengi wako katika nchi za baridi, mbali na ikweta. Kwetu, karibu kabisa na ikweta, wanaojulikana ni wachache. Lakini tukumbuke pia kwamba kuutambua ugonjwa huu kunahitaji mganga wa mishipa ya fahamu na mashini ya IRM inayopiga picha za ubongo. Na hivi viwili ni haba sana katika nchi zetu. Mgonjwa asiyepimwa hahesabiwi.

Sasa angalieni vizuri jambo hili. Makovu hayaangukii fasi moja kwa wagonjwa wote. Kwa huyu, kovu liko katika uti wa mgongo, kwenye njia inayopandisha habari za nyayo. Kwa yule, liko katika ubongo mdogo. Kwa mwingine, liko kwenye njia za macho, naye anaona vitu viwili viwili. Wote wanayumba, na jirani anawaona kuwa sawa. Lakini wa kwanza amepoteza shahidi wa nyayo, wa pili mwamuzi amechoka, wa tatu shahidi wa macho anasema uwongo. Kuwapa wote mazoezi mamoja ni sawa na fundi cherehani anayeshona suruali kumi za kipimo kimoja na kuwapa watu kumi.

3. Tusikimbilie kutoa jina la ugonjwa

Msomaji asiende kwa jirani na kumwambia: «Wewe una sklerozi, nimesoma.» Yako magonjwa mengine mengi yanayomfanya mtu ayumbe: ugonjwa wa sikio la ndani, kaswende ya zamani, kifua kikuu kilichoshika mifupa ya mgongo, ukosefu wa vitamini B12, damu iliyoziba au kumwagika katika ubongo, pombe iliyonywewa miaka mingi. Katika nchi yetu, upande wa Kwango, uko pia ugonjwa wa konzo, unaokaza miguu ya watu waliokula kwa muda mrefu mihogo michungu isiyoloweshwa vya kutosha. Mengi kati ya magonjwa haya yana dawa yake, na dawa ikichelewa mgonjwa anabaki kilema. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni hospitali. Familia inayomaliza franka zake zote kwa mfumu, kiisha inafika hospitali mikono mitupu, imepoteza vitu viwili: fedha na muda.

4. Kumpima mgonjwa bila mashini kubwa

Mganga wa mazoezi, ambaye kwetu anaitwa kinezi, hahitaji mashini za bei kali ili ajue shahidi gani amenyamaza. Katika miaka ya 1840, mganga Moritz Romberg wa Berlin alieleza kipimo kinachotumika hata leo. Mgonjwa anasimama, miguu pamoja, macho wazi. Kiisha anafumba macho. Akisimama vizuri macho yakiwa wazi, na kuanza kuyumba sana anapoyafumba, maana yake nyayo hazipeleki habari vizuri. Macho ndiyo yaliyokuwa yanambeba. Lakini akiyumba sana hata macho yakiwa wazi, tunafikiri zaidi juu ya ubongo mdogo.

Baadaye, mwaka wa 1986, wataalamu wawili wa Marekani, Anne Shumway-Cook na Fay Horak, walitengeneza kipimo kinachoendelea zaidi. Mgonjwa anasimama kwanza juu ya sakafu ngumu, kiisha juu ya kitu laini, macho wazi na macho yamefumbwa. Juu ya kitu laini nyayo zinadanganyika. Macho yakifumbwa, anabaki shahidi mmoja tu, sikio la ndani. Kama mgonjwa anaanguka hapo tu, tunajua sikio halitoshi. Kipande cha godoro kinatosha kwa kazi hii. Lakini isisahauliwe: mtu mwingine anasimama karibu, mikono tayari, na nyuma ya mgonjwa kuna ukuta.

Kipimo kingine ni cha mwendo. Mgonjwa anakaa juu ya kiti. Anasimama, anatembea metre 3, anageuka, anarudi, anakaa tena. Tunahesabu sekunde na kuziandika. Baada ya majuma sita tunapima tena. Hatumlinganishi na jirani yake. Tunamlinganisha na yeye mwenyewe wa majuma sita yaliyopita.

Tena uko msaada mmoja usiohitaji hata kiti: daftari la kuanguka. Kila mara mgonjwa anapoanguka au anapokaribia kuanguka, mtu wa nyumbani anaandika saa, fasi na kazi iliyokuwa inafanyika. Baada ya mwezi daftari linasema wazi. Huyu anaanguka usiku tu. Huyu anaanguka anapogeuka. Huyu anaanguka mchana, joto likiwa kali. Hapo kinezi anajua aanzie wapi.

5. Mazoezi kadiri ya mtu

Karibu na mwisho wa karne ya 19, mganga Heinrich Frenkel alikuwa anafanya kazi Heiden, katika nchi ya Uswisi. Alimpima mgonjwa aliyeyumba juu ya kaswende iliyofika katika uti wa mgongo. Mgonjwa alishindwa kugusa pua yake kwa kidole. Alirudi nyumbani na haya, akafikiri ameanguka mtihani, akaanza kujizoeza kila siku. Alipofika tena kwa mganga baada ya miezi, aliweza vizuri zaidi. Ugonjwa haukuondoka, lakini ubongo ulikuwa umejifunza njia nyingine. Tangu hapo Frenkel alitengeneza mazoezi yake: mwendo wa polepole, wenye kurudiwa, macho yakifuata mguu, na mtu akihesabu kwa sauti.

Tuweke sasa mifano mitatu ya wagonjwa wa sklerozi, ili tuone namna kipimo kinavyozaa mazoezi. Si watu fulani tunaowajua. Ni mifano tu.

Mfano wa kwanza ni mama anayeuza mboga. Mchana anatembea vizuri kiasi, lakini jioni, umeme ukikosekana, anaanguka karibu na mlango wake. Nyayo zake hazipeleki habari, na giza linamwondolea macho. Mama huyu anajizoeza kusimama katika pembe ya nyumba, ukuta nyuma yake na kiti mbele yake, na kufumba macho muda wa kuhesabu mpaka tano, kiisha kumi, kiisha ishirini. Baadaye anakanyaga bila viatu vitu mbalimbali, mkeka, mchanga, kitambaa kilichokunjwa, akisema kile anachokisikia chini ya mguu, maana nyayo nazo zinaweza kufundishwa kusikiliza. Na taa ndogo inawekwa karibu na mlango.

Mfano wa pili ni kijana ambaye mikono yake inatetemeka anapotaka kushika kikombe, na ambaye miguu yake inatupwa huku na huku. Mwamuzi ndiye aliyeshambuliwa. Kumfumbisha macho hakuna faida kubwa kwake. Yeye anafuata njia ya Frenkel: anakaa juu ya kiti, anaweka mguu juu ya alama iliyochorwa kwa chaki, anaurudisha, mara nyingi, bila haraka. Kiisha anasimama na kutembea juu ya mstari mpana, halafu mwembamba. Anajifunza kugeuka kwa hatua nne ndogo, asizunguke kwa mguu mmoja.

Mfano wa tatu ni mwalimu anayesikia kizunguzungu kila anapogeuza kichwa kumwangalia mwanafunzi. Kwake yeye tunaandika herufi moja kubwa juu ya karatasi, tunaibandika ukutani. Anaiangalia bila kuiacha, huku akigeuza kichwa kidogo kushoto na kuume, kwanza amekaa, kiisha amesimama, mwishowe akitembea. Kizunguzungu kidogo kinakuja. Kikipita upesi baada ya kupumzika, ni alama kwamba ubongo unafanya kazi yake.

Kwa wote watatu liko zoezi moja la lazima: kusimama kutoka kitini na kukaa tena bila kujivuta kwa mikono, mara tano, kupumzika, mara tano tena. Linatia nguvu katika mapaja, na bila mapaja hakuna usawa.

Kisha inapashwa mazoezi yafike katika kazi ya kila siku. Mtu anaweza kutembea vizuri ndani ya chumba cha mazoezi na kuanguka njiani, sababu njiani anajibu salamu, anakwepa pikipiki, anabeba kitu. Kwa hiyo mwishoni anajizoeza kutembea huku akihesabu kwa kurudi nyuma, au akibeba sahani. Na mgonjwa wa Majengo anapashwa kufika siku moja juu ya mawe ya Majengo, akishikwa mkono, kwa sababu ndipo anapoishi.

6. Kupumzika, joto na hatari

Zamani waganga wengi waliwakataza wagonjwa wa sklerozi kufanya mazoezi, wakiogopa kuwachosha. Tangu miaka ya 1990 uchunguzi umeonyesha kinyume: mazoezi yaliyopimwa vizuri yanawaongezea nguvu na yanasaidia usawa wao. Lakini yako masharti.

Kwanza, joto. Katika mwaka wa 1890 mganga wa macho Wilhelm Uhthoff, wa Ujerumani, aliandika kwamba wagonjwa wengine walipoteza nguvu ya kuona kwa muda baada ya kujichosha. Leo tunajua kwamba mwili ukipata moto, mishipa iliyovuliwa ganda inapeleka habari vibaya zaidi. Mwili ukipoa, hali inarudi. Basi mgonjwa afanye mazoezi asubuhi, penye hewa, na maji baridi ya kunywa karibu. Malaria nayo inaweza kumlegeza ghafula kwa sababu ya homa, itibiwe upesi.

Pili, uchovu. Uchovu wa ugonjwa huu si uvivu. Dakika kumi mara tatu kwa siku ni bora kupita nusu saa ya mfululizo.

Tatu, alama mpya. Jicho likififia, mguu ukifa ganzi, au mkojo ukizuilika, na jambo hilo likidumu zaidi ya saa 24, mgonjwa aache mazoezi na arudi kwa mganga. Pengine kovu jipya linatokea, nalo lina dawa zake.

7. Nyumba na njia

Mazoezi peke yake hayatoshi kama nyumba yenyewe ni mtego. Bidoni na masufuria yasikae katika njia ya kutoka kitandani mpaka mlangoni. Ubao mmoja mrefu, ukipigiliwa vizuri ukutani kwa urefu wa kiuno, ni mshiko unaotosha kwenda mpaka choo. Sandali za plastiki zinazotoka mguuni ziachwe. Viatu vifunge kisigino. Fimbo ikatwe kwa kipimo cha mtu: mgonjwa akisimama na mikono ikining'inia, kichwa cha fimbo kifike kwenye kiwiko cha kiganja, pale mkono unapojikunja. Kama mguu mmoja ndio dhaifu zaidi, fimbo ishikwe kwa mkono wa upande wa pili. Watu wengi wanakosea hapo.

Mjini Goma msaada hauko mbali kabisa. Kituo cha Shirika la Umoja kinajulikana kwa kazi yake kwa walemavu, na kimesaidiwa miaka mingi na Msalaba Mwekundu wa Kimataifa; na hospitali ya HEAL Africa inajulikana kwa kazi ya mifupa na viungo. Lakini kinezi hawezi kulala nyumbani kwa mgonjwa. Anafundisha, anapima, anabadili zoezi. Anayelisimamia kila asubuhi ni mke, mume, mtoto au jirani.

8. Mazoezi yanaweza nini?

Tuseme ukweli. Mazoezi hayafuti kovu. Dawa zinazopunguza mashambulizi zipo, na mwaka wa 2023 Shirika la Afya Ulimwenguni, yaani OMS, liliingiza dawa tatu za sklerozi katika orodha yake ya dawa za lazima. Lakini kuwa katika orodha si kufika Majengo. Mwaka huohuo, mwezi wa Mei, mkutano mkuu wa shirika hilo uliziomba serikali zote zitie nguvu kazi ya kurudisha viungo katika hospitali zao. Ni neno jema, na tunapashwa kulikumbusha.

Mpaka hapo, tusidharau kile kinachowezekana. Mama aliyeanguka mara nne kwa mwezi akianguka mara moja, amerudi sokoni. Mwalimu anayeweza kugeuza kichwa amerudi darasani. Si uponyaji, lakini ni chakula cha nyumba na heshima ya mtu.

Basi, msomaji, kesho asubuhi ukimwona mtu anayeyumba njiani, usicheke na usiseme amelewa. Mpe mkono, vukeni pamoja ile fasi mbaya ya mawe. Kiisha muulize kwa upole: «Ndugu, unaanguka saa gani hasa? Mchana au usiku? Ukigeuka au ukisimama?» Jibu lake liandikwe katika daftari, na daftari lipelekwe kwa mganga.